Kufuata reli ya zamani ya Voi–Taveta kwa baiskeli, ukitokea Malindi

Malindi hakuna reli, kwa hiyo anayetaka kufuata njia ya gari moshi itambidi apande bara. Inayofaa ni ile ya Voi hadi Taveta, kama kilomita 110. Waingereza waliijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili kupeleka askari na mizigo mpakani kupigana na Wajerumani, na mwaka 1915 ilikuwa imeshafika Maktau. Njia kuu ya Mombasa–Nairobi iacheni, hata ile ya zamani: hupita treni za mizigo.

Mkienda na pikapu, mkishavuka daraja la Kilifi kateni Mavueni, mpitie Kaloleni mtokee Mariakani. Foleni ya Mombasa mtaisikia tu. Mkipanda basi, ng'oa gurudumu la mbele, geuza usukani, funga cheni kwa gunia, na mpatane na utingo bei ya baiskeli kabla haijapakiwa. Ikishaingia kwenye buti, bei ni yake.

Msiende wakati wa masika. Udongo mwekundu wa Taita ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu lisizunguke. Mkiona wingu, fungueni madigadi mapema. Maji ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na mtoke Voi saa 12 na nusu asubuhi.

Msijaribu kupanda baiskeli katikati ya reli. Upana ni mita 1 tu, na mataruma, vile vipande vinavyolala kukingama chini ya reli, yatakupigisha kitako hadi meno yagongane. Hata kwa miguu yanachosha, maana nafasi ya taruma hadi taruma ni fupi kuliko hatua ya mtu mzima. Fuateni kijia cha wachungaji kando ya tuta. Reli ikifunikwa na vichaka, tafuteni kokoto zilizopangika, mkato ulionyooka kwenye kilima, au kalvati, ule mfereji wa kupitisha maji chini ya tuta. Reli haipandi wala kushuka ghafla. Mkijikuta mnasukuma baiskeli mlimani, mmeshapotea. Rudini hadi kokoto za mwisho mlizoziona.

Msiingie ndani ya kalvati kutafuta kivuli. Nyuki hupenda kujenga humo, na nyoka pia.

Sasa miba, maana ndiyo itakayowarudisha nyumbani, si umbali. Miba ya migunga hutoboa tairi ambalo mchanga wa Malindi haujawahi kulisumbua. Kila mtu abebe tyubu 2, viraka 10, solushen mpya, msasa na pampu. Ukipiga pancha, usikimbilie kung'oa mwiba. Uwekee alama, toa tyubu, kisha pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Pancha ya pili, ile inayokuja baada ya dakika 10, karibu kila mara ni ncha iliyokatikia ndani. Kwaruza tyubu kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao, paka solushen nyembamba pana kuliko kiraka, ngoja dakika 5 hivi ikauke na isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kiraka kikateleza upepo ukiingia. Fundi wa barabarani atakucheka ukingoja, lakini kiraka chako hakitabanduka.

Voi hadi Mwatate ni kama kilomita 25 kwa barabara, na mwinuko ni wa polepole. Jazeni maji Mwatate, kisha mpite Bura. Makazi yakianza kuachana, waulizeni wachungaji kama ndovu wamepita, na mkiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa yangali yakitoa maji, hamieni barabara ya lami.

Maktau ndipo pa kukomea kwa baiskeli. Mbele yake njia inaingia Tsavo Magharibi, penye simba na nyati. Pakieni baiskeli kwenye matatu hadi upande wa Taveta. Kabla ya hapo, makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa katika vita vile yako Maktau penyewe. Ingieni kwa adabu.

Na msumari wa reli, hata ukiwa umelala mchangani wenyewe, uacheni. Mali ya reli ni mali ya serikali, na polisi wakikukuta na chuma hicho kwenye begi hawatataka kujua kama ulitaka ukumbusho.