Deli mbili, si moja

Kaskazi ikivuma Februari, kivuli cha mnazi peke yake hakiokoi samaki. Tukienda kulala hema Ushongo, Pangani, kazi ya kuandaa deli, yaani sanduku la kutunza ubaridi, huanza siku mbili kabla, jikoni kwetu Tanga.

Nagandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu, naacha nafasi ya vidole vitatu juu zisipasuke. Barafu ya bonge huchelewa kuyeyuka kuliko ya vipande, na ikiyeyuka unapata maji safi ya kunywa. Deli lenyewe nalilaza na barafu usiku kucha. Lililoshinda juani hula barafu ya kwanza yote bure.

Halafu, madeli mawili. Mwaka juzi tulikuwa na moja. Watoto wakalifungua kila mara kutafuta soda, na kufikia jioni samaki wangu, aina ya changu, wamelegea, macho yameingia ndani. Nikawatupa wote, roho ikaniuma sana. Tangu hapo la vinywaji ni lao, la chakula ni langu. Samaki na nyama nagandisha nyumbani, hukaa chini kabisa kwenye vyombo vilivyofungwa, mboga juu. Uwazi unaobaki najaza taulo.

Kambini deli likae juu ya matofali, si mchangani, limefunikwa kanga iliyolowa. Kivuli huhama, nalo lihamishe.

Soda za moto? Barafu, maji na konzi mbili za chumvi kwenye ndoo; dakika chache tu. Samaki akikaa nje ya deli kwenye joto la Februari zaidi ya saa moja, usimpike.