Kuongea na mtoto mdogo kuhusu ubaguzi wa rangi kwa vitabu vya picha

Usisubiri mtoto akue kwanza, rangi za watu ashaziona zamani, hata kachanga ka miezi 3 kanaangalia zaidi sura za rangi kalizozizoea, sasa ukikaa kimya anajijazia majibu mwenyewe.

Anza na kitabu kisicho na habari ya ubaguzi kabisa, mtoto mweusi anacheza tu, kapoteza kiatu, basi. Maana vikiwa vyote vya mateso ataona kuwa mweusi ni kuonewa tu.

Afu ndo ulete historia. Mfano Ruby Bridges, 1960 kule New Orleans Marekani, katoto keusi ka miaka 6 kanasindikizwa na maafisa wa serikali kuingia shule iliyokuwa ya wazungu watupu, nje watu wazima na akili zao wanamzomea. Hapo usikimbilie kufunua ukurasa. Muulize unaona nini, huyu anajisikiaje, wewe ungekaa naye? Kisha nyamaza, wengi tunaharibu hapa, tunauliza na kujibu wenyewe. Mwambie wazi waliozomea ndo walikosea, na kwamba mwalimu wake Barbara Henry, mzungu, alimfundisha peke yake darasani karibu mwaka mzima.

Akiropoka kitu kama "huyu mchafu ndo maana mweusi" usimfokee, mwambie ni melanini, yaani rangi ya asili iliyomo kwenye ngozi, wengine wanayo nyingi wengine kidogo, haitoki kwa sabuni. Akichoka funga kitabu, kesho atakuomba hichohicho tena.