Kabla ya Kupeleka Jimny Turkana

Suzuki Jimny ya milango mitatu haishindwi na njia ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Hupanda, hupenya, na hugeuka mahali ambapo gari kubwa hurudi nyuma mara tatu. Linaloishinda ni mzigo. Ndiyo maana maandalizi yake huanzia kwenye mizani, si kwenye bampa za chuma na taa za juu ambazo watu wengi hukimbilia kununua kwanza.

Hesabu za hapa ni za kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2018 na injini ya sisi 1,462. Njia inayozungumziwa ni Maralal, Baragoi, South Horr, Loiyangalani, kisha North Horr na Kalacha hadi Marsabit.

Uzito wa juu unaoruhusiwa, gari pamoja na vyote vilivyomo, ni kilo 1,435. Gari tupu lina kama kilo 1,100. Hubaki kilo mia tatu na ushee, na watu wamo humo humo. Watu wazima wawili hula kilo 150. Maji kwa siku nne, lita tano kwa mtu kila siku, ni kilo 40. Petroli ya ziada lita 40 ni kama kilo 30, na madumu yake mawili ya chuma kilo nane. Zana, spea na vifaa vya kujinasua, kilo 35 ukijibana. Tairi la pili la akiba likiwa na rimu yake, kilo 20. Tayari ni kilo 283, na bado hujapakia chakula, nguo, sufuria wala pa kulala. Kwa hiyo safari ya watu wanne ndani ya Jimny moja isahau. Friji na betri ya pili pia viache, labda usafiri peke yako.

Hema la kufungwa juu ya paa ndilo kosa linaloonekana zaidi. Mengi hufika kilo 50, ilhali paa la Jimny limewekewa kikomo cha kilo 30 gari likiwa linatembea. Hema la kawaida la kusimika ardhini, la kilo nne, linatosha. Ukishapakia kila kitu, tafuta mizani ya magari, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kukisia kwa kuangalia springi zimekaa vipi hakusaidii, hasa kama umeweka springi ngumu: gari litasimama vizuri huku breki, beringi na chasisi vikiendelea kubeba mzigo ule ule uliozidi.

Mahali pa kuweka mzigo ni muhimu kama kiasi chake, kwa sababu ekseli mbili za gari hili zimeachana kwa mita 2.25 tu. Kilo 60 zikikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, huinua kilo 16 kutoka magurudumu ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mwinuko mkali gari halikuitikii unapokata kona. Weka maji na zana nyuma tu ya viti vya mbele, chini kabisa, na ufunge kwa mikanda ya kukazia. Ngazi na madumu yasining'inizwe kwenye mlango wa nyuma: tayari umebeba tairi la akiba, na barabara ya kutetemesha hupasua bati kwenye bawaba zake. Kuna toleo la milango mitano lenye sentimita 34 zaidi kati ya ekseli. Hilo hutulia zaidi barabarani, lakini tangi lake ni lile lile la lita 40.

Na tangi hilo ndilo kikwazo cha pili. Lita saba kwa kilomita 100 ni za lami. Gari likiwa limejaa, kwenye mawe na mchanga, panga kwa lita 12. Maralal hadi Loiyangalani ni kama kilomita 230, na kutoka hapo hadi Marsabit kwa njia hii ni kama 270. Lita 60 kwa jumla. Ongeza robo kwa ajili ya kupotea njia na kuzunguka tope, unapata 75. Tangi na madumu mawili ya lita 20 yanakutosha bila kutegemea petroli ya mapipa ya vijijini, ambayo leo ipo na kesho haipo, na wakati mwingine ina maji. Ukilazimika kuinunua, iache itulie kwanza, kisha ichuje kwa faneli yenye wavu mwembamba na uache kikombe cha mwisho chini. Dumu lijazwe likiwa ardhini, lisijazwe pomoni, na limiminwe tangini mapema nafasi inapopatikana, maana mvuke wa petroli ndani ya gari dogo kama hili ni hatari.

Matairi ya kiwandani ni 195/80 R15, na saizi hiyo usitarajie kuikuta dukani njiani. Mawe meusi ya volkano kabla ya Loiyangalani hukata ubavu wa tairi, na ubavu hauzibwi kwa uzi wa pancha. Ndiyo sababu ya tairi la pili la akiba. Upepo wa kawaida ni psi 26. Kwenye barabara ya kutetemesha shuka hadi 20 au 22, kwenye mchanga mzito 15, lakini kwenye mawe makali usishuke sana, kwa kuwa ubavu hutanuka nje ukakutana na ncha. Kampresa ndogo na geji unayoiamini ni lazima. Nati za magurudumu ni za milimita 12 zenye uzi wa 1.25. Za Toyota, ambazo ndizo utakazopewa kijijini, zina uzi wa 1.5 na zitaharibu bolti. Beba sita, na ukague kukaza kila asubuhi.

Upande wa mbele ukaguliwe wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu, ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia. Usukani unaotetemeka kwa nguvu kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa mara nyingi hutokana na hizo, bushi za mhimili wa kukingama unaozuia ekseli isiende pembeni, au matairi yasiyosawazishwa. Kubadilisha shokapu ya usukani huficha tu tatizo.

Kwenye kizazi cha tatu, angalia pia mipira ya vakyumu inayofunga habu za mbele, yaani viungo vinavyounganisha magurudumu na ekseli. Ikipasuka, taa ya dashibodi inaweza kuwaka na magurudumu ya mbele yasivute. Wenye magari hayo wengi huweka habu za kufunga kwa mkono, na wanafanya vyema.

Spea zako utazibeba mwenyewe, kwani za Land Cruiser ndizo zinazopatikana njiani: filta ya hewa, fenibelti, plagi nne, hosi za rejeta na klampu zake, kulanti lita mbili, oili lita moja, mafuta ya breki, fyuzi, waya na gundi ya chuma.

Njiani, utagundua jambo ambalo wauzaji hawalitaji: Jimny ni nyembamba kuliko magari yaliyochimba ile njia. Gurudumu moja linaingia kwenye mfereji wa lori, jingine linapanda tuta la katikati, na gari linatembea limelala upande. Ni afadhali kupanda juu ya kingo zote mbili, polepole. Kwenye changarawe usizidi kilomita 60. Gari fupi likiteleza nyuma hugeuka kabla hujarekebisha.

Laga kavu, yaani mto wa msimu usio na maji, isilaliwe, hata anga likiwa jeupe, kwani maji hutoka milimani mbali. Kwenye maji tembea kwanza kwa miguu. Sentimita 30 ndio mwisho. Jangwa la Chalbi likiwa limenyeshewa halivukwi: ukoko wa juu hubeba binadamu, chini yake ni tope. Subiri au zunguka.

Vya kujinasua: koleo, mbao mbili za kukanyagia, jeki ya chupa na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuikalia, na kamba ya kunyumbulika ya uzito wa gari dogo. Kamba ya malori hainyumbuki kwa Jimny, na Land Cruiser ikikuvuta kwa pupa hung'oa ndoano. Mwambie dereva avute taratibu.

Mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu. Mwachie mtu ratiba yenye majina ya vituo, saa ya kuripoti kila jioni, na saa ambayo akivuka bila kusikia kutoka kwako anaanza kupiga simu, na ampigie nani.