Metoli kabla ya salfaiti

Wewe unayechapa picha nyeusi na nyeupe kwa kulaza negativu juu ya karatasi, dawa ya D-72, ile inayoifanya picha itokeze kwenye karatasi, unaweza kujichanganyia mwenyewe. Kwenye maji mililita 500 yenye joto la nyuzi 50, tia salfaiti (sodiamu salfaiti) kidogo tu, ya kushika kwa vidole viwili, kisha metoli, kemikali ya kutokeza picha, gramu 3. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli hugoma kuyeyuka. Hapo ndipo kazi huharibika. Sasa malizia salfaiti (jumla gramu 45), haidrokwinoni 12, sodiamu kaboneti kavu 68, potasiamu bromaidi 2, kila kimoja kiyeyuke kabisa kabla ya kinachofuata. Ongeza maji hadi lita 1. Magadi ya sokoni hayafai badala ya kaboneti, yana mchanganyiko wa vitu vingine. Na tafadhali vaa glavu, metoli huwasha ngozi vibaya.