Kabla hujapika spageti za The Godfather nyumbani kwako

Kuna watu wakimaliza kuangalia The Godfather, ile filamu ya mafia, wanaongelea bunduki, sie wengine tunamaliza tuna njaa. Ile sehemu Don, bosi wa familia, ameshapigwa risasi, wanaume wamejifungia ndani wanasubiri vita, afu Clemenza, mtu wake wa karibu, anamwita Michael, mtoto wa Don, jikoni amuonyeshe namna ya kupikia watu 20: mafuta kidogo, kitunguu swaumu, nyanya, nyanya ya kopo, soseji na vile vidonge vya nyama, divai kidogo, sukari kidogo, basi. Kwenye kioo ni kama dakika moja tu, na hiyo dakika ndo inaponza watu, mtu kaalika wageni saa moja usiku, saa kumi na mbili ndo anawasha jiko, kumbe mchuzi wenyewe unataka masaa mawili mpaka matatu ya moto mdogo. Karibu kazi yote ya chakula hiki inafanyika kabla, saa ya wageni wewe ni wa kukoroga na kuchemsha maji.

Ujue pia unapika nini. Hiki ni chakula cha Waitaliano wa Marekani zaidi kuliko cha Italia yenyewe. Waliohamia kule kati ya 1880 na 1920 walikuwa zaidi ya milioni 4, wengi wametoka kusini, Napoli, Sicily na huko, kwenye umaskini ambako nyama ilikuwa ya sikukuu, wakafika Marekani wakakuta nyama inanunulika, ndo sufuria zikaanza kujaa hivyo. Italia vidonge vya nyama mara nyingi vinaliwa peke yake, haviwekwi juu ya spageti. Kwa hiyo akitokea mgeni aliyeishi Roma akakwambia kule hawali hivi, mwambie ni kweli, afu mpakulie.

Wageni waulize mapema, usisubiri mpaka wamekaa mezani. Soseji za Kiitaliano kwa kawaida ni nguruwe, na divai iko ndani ya mchuzi, na jibini ya Parmigiano inagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama, kuna wanaojali hilo na kuna wasiojali, wewe uliza tu. Ukiwa na Waislamu mezani pika sufuria moja ya halali kwa wote, habari za sufuria mbili zinachosha na mwiko utachanganyika tu. Nyama ya ng'ombe ya kusaga inatosha, na badala ya divai weka supu ya nyama kidogo na matone ya siki. Ile ladha ya soseji ya kusini mwa Italia ukitaka kuipata bila nguruwe, siri ni shamari, twanga kijiko kimoja cha mbegu zake uchanganye kwenye nyama, hapo utashangaa. Shamari iko kwenye maduka ya viungo, bei ya kawaida kabisa. Ila ukishafungua hayo makopo ya viungo mkono utataka kuendelea, sijui bizari, sijui tangawizi, sijui gilgilani, jizuie bana, ukiweka hivyo umepika kababu za futari, nzuri sana lakini siyo hii.

Nyanya ndo roho ya jambo zima. Tafuta zile ndefu ngumu zenye nyama nyingi na maji kidogo, zilizoiva nyekundu kabisa, nunua siku mbili kabla uziache mezani ziive vizuri, usiziweke kwenye friji. Kwa watu 8 chukua kama kilo mbili na nusu, kilo moja ya nyama, na spageti gramu 800, yaani gramu 100 kwa kichwa, najua utaona kidogo ukiwa unaishika ikiwa kavu. Zitie nyanya kwenye maji ya moto nusu dakika, menya, ponda kwa mkono. Nyanya ya kopo ikaange kwenye mafuta mpaka ibadilike rangi ndo umwage hizo mbichi, ukiitupia tu juu ya maji itabaki na ule ukali wake. Sukari usitie kwa sababu Clemenza katia, onja kwanza, kama mchuzi hauna uchachu wa kukera achana nayo.

Spageti soma pakiti, iandikwe ngano ya durum, yaani ile ngano ngumu, hizi nyingine za bei chee zinageuka uji kabla hujageuka. Mafuta ya zeituni chupa ndogo inatosha. Jibini ya Kiitaliano kutoka nje bei yake ni ya kukaa chini kwanza, lakini Njombe wanatengeneza jibini za mtindo wa Kiitaliano, tafuta ile iliyokaa mpaka ikakauka, ikwangue mwenyewe. Walioko Malindi nyie hamna shida, Waitaliano wako hapo tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha baharini, kurusha satelaiti miaka ya 1960, kila kitu mtakipata. Na majani ya mwisho, kama hupati basil ya dukani, rihani ya pwani ni ndugu yake, harufu yake kali zaidi kwa hiyo weka majani machache ukishazima moto.

Sasa muda. Filamu ni dakika 175, karibu masaa matatu, na mchuzi ni masaa hayohayo, kwa hiyo vidonge vya nyama vitengeneze na uvikaange mchana, mchuzi uuanze mapema, ukianza kuchemka vitumbukize humo, punguza moto, ndo muweke filamu. Kila baada ya dakika 20 mtu akakoroge mpaka chini, usiungue. Mkila katikati ya filamu nusu ya watu watalala, hiyo nimeiona, bora mle mwishoni mkiwa mnabishana kuhusu Michael. Mchuzi unasubiri watu, ila spageti haiwasubiri watu, watu ndo wanaisubiri, kwa hiyo maji yawe yanachemka kabla filamu haijaisha, lita 8 kwa hao watu 8, chumvi gramu 10 kwa kila lita, na uwe na sufuria kubwa hivyo, huna, kaazime kwa jirani siku moja kabla. Gesi nayo, mwagia mtungi maji ya vuguvugu ubavuni kisha upapase, pale panapoanza ubaridi ndo gesi ilipofikia. Umeme sina la kukusaidia, labda filamu iwe kwenye laptop iliyochajiwa.

Cannoli, vile vitamutamu vya Kiitaliano vya umbo la bomba, usijaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo, yale maganda yanataka mabomba maalumu ya kukaangia na kazi yake ni ndefu. Badala yake toa machungwa ya Muheza yaliyopoa kwenye friji, yamenywe na kukatwa. Watakaokuwa makini watastuka kidogo, maana kwenye hiyo filamu machungwa yakionekana ujue kuna mtu yuko hatarini, Don mwenyewe alipigwa risasi akiwa anayanunua. Mchuzi ukibaki usimwage, kesho yake ni mtamu zaidi, chukua mkate uchovye.