Toa kabla hujapika
Bei ya posho na maharagwe ikipanda, usingoje kibaki kitu ndipo umkumbuke jirani. Pima fungu lake kabla hujabandika sufuria, hata likiwa kikombe kimoja cha unga. Mjane wa Sarepta alimpikia Eliya kwanza, naye alikuwa amebakiwa na konzi moja tu ya unga na mafuta kidogo (1 Wafalme 17). Peleka mwenyewe jioni, bila picha wala tangazo kanisani. Yesu alikataza kupiga panda, yaani tarumbeta, unapotoa sadaka (Mathayo 6).

Na hili ndilo gumu zaidi: zamu yako ya kupungukiwa ikifika, pokea. Kukataa msaada kwa kuona haya nako ni kiburi, naamini hivyo kabisa. Mahujaji wanaotembea kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni hula na kulala kwenye parokia za watu wasiowajua.