Gari la zamani linachemsha? Usitupe thamostati: hudumia mfumo wa kupoza injini mwenyewe

Gari la zamani likianza kuchemsha, ushauri wa kwanza utakaopewa mtaani ni huu: toa thamostati (valvu inayofunguka na kujifunga kufuata joto la maji ya injini), maji yapite vizuri. Mimi natengeneza magari hapa Tabora, na nakuomba usifanye hivyo. Injini nyingi za Toyota zina thamostati yenye visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ya maji ya rejeta, na kingine, wakati huohuo, kinaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kupita kwenye rejeta. Ukipakia mzigo na kushika safari ya Urambo mwezi wa Oktoba, gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Tabora ikikolea, injini inachelewa kupata joto, inakunywa petroli, na oili haifikii joto la kukausha unyevu. Injini inachakaa huku mshale wa joto ukikuambia mambo ni shwari.

Kwa hiyo tunatafuta chanzo. Maelezo haya yanafaa zaidi Corolla, Carina na wenzao wa miaka ya 1990 wenye feni ya umeme. Andaa spana namba 10 na 12, plaizi, beseni pana, gasketi mpya ya thamostati, kulanti (dawa ya kupoza inayochanganywa na maji ya rejeta), na sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni tena.

Hatua ya 1: Anza gari likiwa baridi kabisa

Lilale usiku kucha, ndipo unafungua mfuniko wa rejeta. Mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta wenye alama ya 0.9 unabana mvuke, na maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiufungua wa moto, mgandamizo unaondoka ghafla na maji yanachemka papo hapo, yakikurukia usoni pamoja na mvuke. Nimeona mikono iliyoungua hivyo. Subiri, hata kama una haraka.

Sasa ushike mfuniko wenyewe. Mpira wake ukiwa umekauka au una ufa, au springi imelegea, tupa. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa juu, usichukue mkubwa zaidi ukidhani ndio imara. Mfuniko ni bei ndogo, na gari nyingi zinazodaiwa "kuchemsha bila sababu" tatizo lao ni hili. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea ndani kama umenyonywa, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimekwama.

Hatua ya 2: Soma maji

Chovya kidole. Maji ya kahawia ni kutu, utayasafisha. Ukiona mafuta yanaelea juu, au ukichomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ukakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, simama hapo. Maji na oili vimekutana, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi kuungua. Usiliwashe tena, mwite fundi.

Hatua ya 3: Safisha rejeta kwa nje, kisha pima feni

Barabara za vumbi za kuelekea mashamba ya tumbaku zinajaza rejeta vumbi, panzi na mbegu za nyasi. Uchafu mwingi unakaa mahali usipoona, katikati ya kondensa ya AC na rejeta. Tumia mpira wa bustani, maji yatoke upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na njia ya upepo. Usikubali mashine ya kuoshea magari ipigwe karibu, inalaza mapezi na hewa haipiti tena.

Feni: kwenye Corolla nyingi za kipindi hicho, ukichomoa waya wa swichi ya joto ya rejeta huku switchi ya ufunguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi, halafu rilei, halafu mota yenyewe. Ikizunguka, lakini injini ikipata joto feni haiwaki, swichi ya joto imekufa. Mikono iwe mbali, feni hii haipigi hodi.

Hatua ya 4: Pima thamostati kwenye sufuria

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Weka beseni chini, fungua kitufe cha plastiki kilicho chini ya rejeta kwa mkono, maji yatoke. Fuata mpira unaoingia kwenye injini mpaka kwenye kifuniko cha chuma chenye bolti mbili au tatu. Kwenye injini hizi mara nyingi ni ule wa chini, si wa juu. Fungua, toa thamostati, kwangua mabaki ya gasketi bila kuchimba alumini.

Ifunge kwa uzi, ining'inie ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini. Weka jikoni, koroga. Kama una kipimajoto, thamostati ya Toyota iliyoandikwa 82 inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Huna kipimajoto? Basi fuata hivi: mapovu madogo yakiwa bado pembeni ya sufuria iwe imefungwa, maji yakichemka kwa nguvu iwe wazi kabisa, ukiitoa ikipoa ijifunge yenyewe. Isiyofunguka, inayofunguka nusu, au inayobaki wazi ikipoa, badilisha. Hata mpya toka dukani ipitie sufuria kwanza.

Hatua ya 5: Osha ndani

Usirudishe thamostati bado. Rudisha kifuniko, jaza maji safi, fungua hita iwe moto mpaka mwisho ili nayo ioshwe, acha injini iungurume dakika chache, zima, iache ipoe, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe.

Kulanti ya zamani ikinge yote kwenye dumu. Ina utamu unaovuta mbwa, mbuzi na watoto, na ni sumu ya kuua. Usiimwage karibu na kisima.

Hatua ya 6: Funga na ujaze

Thamostati inarudi na gasketi mpya, kipini kidogo kinachochezacheza kikiwa juu ili hewa itoke. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Nyuzi za alumini zinakatika kirahisi.

Kulanti kali changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvichumvi. Maji ya kisima yanaacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Tumia maji safi ya kuongezea betri, lakini soma chupa mara mbili: asidi ya betri isikaribie rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa vizuri yanafaa pia, ila hayo utayapata Novemba mpaka Aprili. Injini ya lita 1.5 inabeba lita 5 hadi 6 hivi. Usichanganye kulanti nyekundu na kijani.

Pua ya gari iwe juu kuliko nyuma. Tabora ni tambarare, kwa hiyo tafuta tuta la udongo, usiliinue kwa jeki injini ikiwaka. Jaza polepole huku ukibinyabinya mpira wa juu. Washa, mfuniko ukiwa wazi, mapovu yatoke, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Mpira wa juu ukianza kupata moto, maji yamejaa na mapovu yamekwisha, funga mfuniko, acha mpaka feni iwake na kuzima yenyewe. Jaza kitanki cha akiba kufikia mstari wa juu.

Hatua ya 7: Lijaribu

Zunguka Isevya na Kanyenye kwanza, jicho kwenye mshale. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, angalia kiwango tena, maana hewa iliyobaki hutoka usiku na maji hushuka kidogo. Ongeza.

Kama maji yanapungua kila siku na chini hakuna tone, kama mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari la baridi, au moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, mpe fundi mwenye kifaa cha kupimia mgandamizo. Hedi ikishuka, mwambie aipime unyoofu kabla ya kuweka gasketi mpya, na ikiwa imepinda isawazishwe kwa mashine. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena.